Kivinjari cha zamani kinastahili ukurasa, si mapambo

Mhariri,

Kila linapozuka swali la vivinjari vilivyopitwa na wakati, sisi watengenezaji wa tovuti hugawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka kila kitu kionekane sawasawa kwenye kila kifaa, hata kile ambacho aliyekiunda ameshakisahau. Upande wa pili unasema asiyesasisha shauri yake. Naomba nafasi nieleze kwa nini pande zote mbili zinapotea, na zinapotelea mahali pamoja: zinadhani kuhudumia kivinjari ni jambo la ndiyo au hapana. Kivinjari cha mwaka 2016 kinaweza kupewa maneno, picha, viungo na fomu inayotumika, kikanyimwa menyu zinazoteleza na michoro inayocheza, na mwenye nacho asipungukiwe na lolote alilolifuata. Sharti ni mtengenezaji ajue ni kitu gani hasa huvunjika, na kwa nini.

Tuanze na hilo la "shauri yake". Wengi wanaotumia kivinjari cha zamani hawakukichagua. Kivinjari husimama pale mfumo endeshi ulio chini yake unaposimama. Chrome ya Android iliishia toleo la 81 kwa wenye Android 4.4, la 95 kwa wenye Android 5, la 106 kwa Android 6, la 119 kwa Android 7, na la 138 kwa Android 8 na 9. Kwenye kompyuta za Windows 7 na 8.1 iliishia toleo la 109, mwanzoni mwa mwaka 2023. Upande wa Apple hali ni ngumu zaidi, kwa sababu Safari ya simu hupanda daraja pamoja na iOS yenyewe, na iPhone 5s na iPhone 6 zilikomea iOS 12. Mwenye simu hiyo akipakua kivinjari kingine hajabadilisha kitu: kwa miaka mingi Apple imevitaka vivinjari vyote vya iPhone vitumie injini yake ya WebKit, yaani programu ya ndani inayosoma ukurasa na kuuchora, kwa hiyo anapata jina jipya juu ya injini ileile. Ujumbe wa "tafadhali sasisha kivinjari chako", ukimfikia mtu wa namna hiyo, maana yake ni "nunua simu nyingine". Anayeuandika ajue anachokisema.

Sasa tuingie kwenye kiini. Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa lugha tatu: HTML inayobeba maneno na muundo, CSS inayopamba, na JavaScript inayoendesha vitendo. Lugha hizo hazifanani hata kidogo zinapokutana na kivinjari kisichozielewa.

HTML ni mvumilivu. Kivinjari kikikuta kipengele kisichokijua hukipuuza kipengele chenyewe na kuonyesha maneno yaliyomo. Sehemu ya kujaza tarehe, `<input type="date">`, inageuka kisanduku cha kawaida cha kuandika; mtu ataandika tarehe kwa mkono na seva itaipokea, mradi seva iwe tayari kusoma tarehe iliyoandikwa kwa mitindo tofauti. `<details>` isiyofahamika hubaki imefunguka na maelezo yote yakiwa wazi, jambo lisilo na madhara. Angalizo moja ni `<dialog>`: isipofahamika, maneno yake humwagika katikati ya ukurasa, pamoja na kile kitufe cha "Futa akaunti" kilichokusudiwa kujificha mpaka kiitwe. Safari ilianza kukijua kipengele hicho katika toleo la 15.4, mwezi Machi 2022, kwa hiyo waliobaki nyuma ya hapo ni wengi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

CSS nayo ni mvumilivu, ila ina mitego yake, na ni mitego hiyo inayowafanya watu waamini kuwa vivinjari vya zamani haviwezekani. Kanuni ya msingi ni kwamba tamko lisiloeleweka huachwa na lililotangulia hubaki. Ukiandika `height: 100vh;`, yaani urefu wa skrini nzima, na chini yake `height: 100dvh;`, kipimo kipya zaidi cha aina hiyo, kivinjari kipya kitachukua la pili na cha zamani kitabaki na la kwanza. Hakuna gharama hapo. Mistari miwili tu.

Mtego wa kwanza ni vigeu, yaani majina yanayohifadhi thamani ya kutumiwa tena. Ukiihifadhi ile `100dvh` ndani ya kigeu, kisha ukaandika `height: var(--urefu);`, utaratibu huo mzuri unavunjika. Kivinjari kinachofahamu `var()` lakini hakifahamu `dvh` hulikubali tamko wakati wa kulisoma, maana hakijajua bado ndani yake mna nini. Kinapokuja kukokotoa ndipo kinagundua kuwa thamani haifai, na wakati huo lile tamko la akiba la `100vh` lililotangulia kimeshalitupa. Urefu unarudi kwenye hali ya msingi na sehemu nzima inajikunja. Wengi hutafuta hitilafu hii kwa saa nyingi kwa sababu mstari wa akiba upo pale, wanauona kwa macho, na haufanyi kazi.

Mtego wa pili ni orodha ya viteuzi, yaani maneno yanayotaja kanuni ya CSS inahusu vipengele gani. Ukiandika kanuni moja ya `button:focus, button:focus-visible`, Safari iliyo chini ya 15.4 haielewi hicho cha pili, na badala ya kuacha hicho kimoja inaitupa kanuni nzima. Anayetembea kwenye ukurasa kwa vitufe vya kibodi hapo haoni tena yuko wapi. Dawa ni kuzitenganisha kuwa kanuni mbili.

Wa tatu ni mkubwa zaidi: `@layer`, yaani matabaka ya kupangia kanuni za CSS. Kivinjari kisichoijua hutupa kila kilichomo ndani ya mabano yake. Chrome iliipata katika toleo la 99, Firefox la 97, Safari la 15.4, zote mwaka 2022. Ukiweka mapambo yote ya tovuti ndani ya matabaka hayo, msomaji wa kivinjari cha mwaka mmoja kabla ya hapo anaona maandishi meusi juu ya weupe, yamejipanga kushoto kuanzia juu hadi chini. Kusomeka yanasomeka, na kuna wakati hilo linatosha kabisa. Lakini liwe limeamuliwa, lisiwe limetokea tu.

Na wa nne huwakamata hata wazoefu. Kuna njia rasmi ya kukiuliza kivinjari kama kinajua jambo fulani, nayo ni `@supports`. Mtu anataka kutumia `gap` kutenganisha vipengele ndani ya flexbox, ambayo kama gridi ni njia ya kupanga vipengele kwenye ukurasa, anaandika `@supports (gap: 1rem)`, anapata jibu la ndiyo, na bado vipengele vinabanana. Sababu ni kwamba Chrome kuanzia toleo la 66 ilijua `gap` kwenye gridi, lakini kwenye flexbox haikuijua mpaka toleo la 84, Julai 2020; Safari nayo ilingoja mpaka 14.1. Swali halitaji ni gridi au flexbox, kwa hiyo jibu linakuwa la kweli na lisilo na faida. Kwa vivinjari vya kipindi hicho, tumia `margin` kwenye vipengele vyenyewe, au tumia gridi.

JavaScript haina uvumilivu huo. Hapa ndipo kurasa nyeupe huzaliwa. Kivinjari husoma faili lote la JavaScript kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja. Kikikuta alama isiyomo katika sarufi yake hulikataa faili zima. Chukua ile alama ya `?.`, inayotumika kuuliza kama kitu kipo kabla ya kukisoma. Chrome iliipokea katika toleo la 80, Februari 2020. Ikitokea mara moja tu katika faili la mistari elfu kumi, kwenye Chrome 79 mistari yote elfu kumi haifanyi kazi: menyu haifunguki, fomu haitumwi, picha zilizongoja kuitwa haziitwi. Na ikiwa ukurasa wenyewe hujengwa na JavaScript ndani ya kivinjari, kama inavyofanyika katika tovuti nyingi za siku hizi, basi hakuna ukurasa. Mtumiaji haoni ujumbe wa kosa. Anaona weupe, na anadhani mtandao umekatika.

Tofautisha kosa hilo na lile la kukosekana kwa uwezo. Chrome 79 ikiambiwa `maneno.replaceAll(...)`, sarufi iko sawa, faili linasomwa, na mambo yanaendelea mpaka mstari huo unapofikiwa. Hapo ndipo panapotokea kosa, na kilichotangulia kimeshafanya kazi. Makosa haya mawili yana dawa mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakofanya watu waseme "tulitumia Babel na bado haikufaa". Babel, na zana nyingine za aina yake, hugeuza sarufi mpya kuwa ya zamani. Haiongezi uwezo ambao kivinjari hakina. Kwa uwezo unahitaji viraka, yaani polifili, na mkusanyiko unaotumika zaidi ni core-js. Ukiipa Babel mpangilio wa `useBuiltIns: 'usage'`, itaingiza viraka vya vitu ulivyovitumia tu; ukiingiza core-js nzima, unambebesha kila msomaji mzigo ambao wengi wao hawauhitaji.

Kuna shimo jingine hapa. Zana za kujengea tovuti kwa kawaida hupangwa ziruke folda ya `node_modules`, inayohifadhi maktaba za watu wengine, ili kazi iende haraka. Msimbo wako unageuzwa vizuri, lakini maktaba uliyoipakua kwa ajili ya kuchora chati imechapishwa kwa sarufi mpya na inapita bila kuguswa. Faili la mwisho linakuwa na `?.` yake mahali fulani katikati, na tumerudi kwenye weupe. Namna ya kuhakikisha ni kulichunguza faili la mwisho lenyewe, lile linalokwenda kwa msomaji: lipitishe kwenye kichanganuzi kama Acorn ukikiambia sarufi ya juu kabisa unayoikubali, kwa mfano `ecmaVersion: 2017`. Kikilalamika, kitakuonyesha mstari. Ukaguzi huo uwe sehemu ya hatua za kila toleo, usiachwe kwa kumbukumbu ya mtu.

Kuhusu viraka, neno moja zaidi. Visichukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye seva ya mtu mwingine. Huduma ya polyfill.io ilitumiwa kwa miaka mingi na tovuti nyingi mno. Februari 2024 jina lake la mtandao likaingia mikononi mwa wamiliki wapya, na kufikia Juni mwaka huohuo ikabainika kuwa inapenyeza msimbo wa kuwapeleka wasomaji wa simu kwenye kurasa za ulaghai. Tovuti zilizohusika zilizidi 100,000. Nyingi kati ya hizo hazikuwa na haja tena ya viraka vyenyewe. Mstari mmoja uliwekwa zamani, ukasahauliwa. Kiraka kikae kwenye seva yako, na kiwe na tarehe ya kuondolewa.

Basi kazi ifanyweje? Ukurasa uandaliwe na seva ukiwa umekamilika: kichwa, maneno, picha, viungo vya kweli vyenye anwani. Fomu iwe na `action` na `method` zake, ili ikibonyezwa iende kwenye seva hata kama hakuna JavaScript hata chembe. Ukaguzi wa majibu ufanyike kwenye seva. Huo unatakiwa kufanyika kwa vyovyote, maana ule wa ndani ya kivinjari unaweza kuzimwa na yeyote. Baada ya hapo CSS ya msingi, safu moja, herufi zinazosomeka, kisha gridi na mengineyo juu yake.

JavaScript ije mwisho, na ipite mlangoni kwanza. Mwaka 2012 watengenezaji wa tovuti ya habari ya BBC walieleza njia yao: ukurasa unauliza kama kivinjari kina `querySelector`, `localStorage` na `addEventListener`, kikiwa navyo kinapewa JavaScript, kisipokuwa navyo kinabaki na ukurasa wa msingi, unaosomeka. Leo mlango wa haraka ni `<script type="module">`. Vivinjari visivyoijua aina hiyo havipakui faili kabisa, na hivyo haviwezi kulikosea. Chrome iliijua kuanzia toleo la 61, mwaka 2017, na Firefox kuanzia la 60, mwaka 2018. Tahadhari: mlango huu hauchuji `?.`. Chrome 61 hadi 79 zinaingia mlangoni na kuanguka ndani. Kwa hiyo msimbo ulioko nyuma ya mlango ugeuzwe mpaka kiwango cha vivinjari vya mwaka 2017, nao hautanenepa sana, kwa sababu vivinjari hivyo tayari vinajua sehemu kubwa ya sarufi iliyoletwa mwaka 2015. Kutengeneza faili la pili kwa vivinjari vilivyobaki nje ya mlango, lile la `nomodule`, sioni tena sababu yake. Wape HTML safi. Itawafaa zaidi ya JavaScript nzito inayokimbia kwa kuchechemea kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo.

Uzito, kwa kweli, mara nyingi ndiyo shida kubwa kuliko umri. Kivinjari kinaweza kuelewa kila neno na bado kikazidiwa na megabaiti tatu za JavaScript, kwa sababu kuipakua ni kazi moja, kuichambua ni ya pili na kuitekeleza ni ya tatu, zote kwenye kichakataji dhaifu.

Picha nazo zina la kusema. WebP, aina ya picha nyepesi, haikujulikana na Safari ya iPhone kabla ya iOS 14, kwa hiyo zile simu zilizokomea iOS 12 huonyesha kisanduku kitupu. Njia sahihi ni `<picture>` yenye WebP, au AVIF iliyo mpya zaidi, kwanza na JPEG ndani ya `<img>` ya mwisho. Ikiwa seva ndiyo inayochagua aina ya picha kwa kusoma kichwa cha `Accept`, yaani taarifa ambayo kivinjari hutuma kusema kinaelewa aina gani, basi ni lazima pia itume `Vary: Accept`, inayosema kuwa jibu hutegemea taarifa hiyo. Ikisahau, akiba iliyoko katikati ya njia, seva inayotunza nakala, itahifadhi AVIF ya msomaji wa kwanza na kumpa kila anayefuata, awe anaielewa au haielewi. Hitilafu ya namna hii huja na kuondoka, na anayeripoti huonekana kama anaota.

Kitu cha kuepuka kabisa ni kusoma jina na namba ya toleo la kivinjari ili kuamua apewe nini. Historia imeshatoa hukumu. Opera ilipofika toleo la 10, mwaka 2009, tovuti nyingi zilikuwa zikisoma tarakimu ya kwanza tu, zikaliona toleo la 10 kuwa ni la 1 na kulikataa. Opera ikalazimika kujitaja kuwa 9.80 na kuisogeza namba yake ya kweli mwishoni mwa maneno. Mwaka 2022 Chrome na Firefox zilipokaribia toleo la 100, zililazimika kufanya majaribio mapema kwa sababu ya tovuti zinazosoma tarakimu mbili. Uliza uwezo, jina liache.

Hadi hapa nimetetea wenye vivinjari vya zamani. Lakini kuna mpaka, na mpaka huo haujadiliwi: usimbaji fiche. TLS ndiyo utaratibu wa kusimba mawasiliano kati ya kivinjari na seva. TLS 1.0 ni ya mwaka 1999 na TLS 1.1 ya 2006. Zote mbili zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa mwezi Machi 2021, na kanuni za usalama wa malipo ya kadi zilikwisha kutaka TLS ya awali iachwe kufikia 30 Juni 2018. Seva inayoendelea kuziruhusu ili kumridhisha mwenye Internet Explorer 8 kwenye Windows XP inaacha mlango ambao anayevizia njiani anaweza kuutumia. Ziweke TLS 1.2 na 1.3, basi. Mwenye kivinjari kisichofika hapo hataweza kuunganishwa, na kumfichia hilo kwa kumpa ukurasa usiosimbwa penye fomu ya nywila ni kumdhuru. Hata kwa kurasa za kusoma tu, bila usimbaji mtu wa katikati anaweza kupachika anachotaka. Mimi nisingefanya hivyo.

Vyeti, vinavyoithibitishia simu kuwa tovuti ni ya kweli, vina mkasa wao. Wanaotumia Let's Encrypt, mamlaka inayotoa vyeti hivyo, wanajua kwamba cheti mzizi cha zamani, kile ambacho vingine vyote vilikitegemea, kiliisha muda 30 Septemba 2021. Simu za Android zilizo chini ya 7.1.1 hazina ndani yake kile kipya, ISRG Root X1. Mpango maalumu uliwaongezea miaka mitatu, nao ukaisha Septemba 2024. Tangu hapo, tovuti iliyoandikwa vizuri kwa kila namna inaweza kumpokea mwenye Android 6 kwa onyo jekundu la usalama, na mtengenezaji akadhani ni CSS. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, hivyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuponea kwa simu hizo. Ikiwa wasomaji wako wa namna hiyo wangali wengi, njia iliyopo kwa upande wa seva ni kupata cheti kutoka mamlaka ambayo mzizi wake ulikuwamo kwenye simu tangu zilipotoka kiwandani.

Utajuaje kama wangali wengi? Hapa ndipo takwimu zinapodanganya. Vifaa vya kuhesabu wageni kwa kawaida ni JavaScript. Ambaye JavaScript yake imeanguka hahesabiwi; asiyekuwapo na lake halipo. Kisha ripoti inasema "watumiaji wa vivinjari vya zamani ni wachache mno", na uamuzi wa kuwaacha unajithibitisha wenyewe. Angalia kumbukumbu za seva badala yake, yaani orodha ya kila faili lililoombwa. Nazo zina kasoro, maana roboti nyingi, yaani programu zinazotembelea tovuti bila mtu, hujitambulisha kwa majina ya vivinjari vya kale. Njia ya kuchuja ni kuhesabu walioomba ukurasa pamoja na faili lake la CSS na picha zake. Roboti nyingi huchukua HTML na kuondoka. Kisha linganisha idadi hiyo na walioomba faili lililo nyuma ya `type="module"`, ukichagua wageni wa mara ya kwanza ili akiba ya kivinjari isipotoshe hesabu. Tofauti inayobaki ni watu.

Majaribio yafanywe kwenye injini ya kweli. Kile kidirisha cha Chrome kinachokuonyesha ukurasa kama uko kwenye simu hubadilisha upana wa skrini na jina la kivinjari; injini inabaki ileile mpya. Hakitakuonyesha `?.` ikianguka. Tumia kiigizaji cha Android chenye picha ya mfumo wa zamani bila kukisasisha, au pakua Firefox ya zamani kutoka kwenye ghala lao la matoleo na uizuie isijisasishe.

Kwa mwenye tovuti, anayelipa, ninalo ombi mahususi. Uamuzi huu hufanyika siku zana inapochaguliwa, na mara nyingi mwenye tovuti hayupo. Bootstrap 5, mkusanyiko wa CSS uliokwisha kuandaliwa, iliacha Internet Explorer mwaka 2021, na ilikuwa haki. Microsoft wenyewe waliistaafisha Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022, na ofisi zenye mifumo ya ndani isiyoweza kuhama zimewekewa hali maalumu ndani ya Edge, iliyoahidiwa kudumu walau hadi 2029. Hakuna sababu ya tovuti ya umma kuibeba tena. Lakini Tailwind CSS toleo la 4, zana nyingine ya kupambia, iliyotoka Januari 2025, inataka Safari 16.4, Chrome 111 na Firefox 128 kwenda juu. Linganisha na zile namba za mwanzo: Windows 7 yenye Chrome 109 iko nje, na Android 6 na 5 pia. Toleo la 3 la zana hiyohiyo halina masharti makali kiasi hicho. Anayechagua zana anachagua wasomaji, na swali hilo liulizwe kabla ya mkataba kusainiwa.

Mkataba wenyewe useme ni vivinjari gani vitapata kila kitu, na kipimo kizuri ni Baseline: jambo likishakuwamo katika vivinjari vikuu vyote kwa miezi 30 huhesabiwa kuwa limeenea. Useme pia ni vipi vitapata maneno, viungo na fomu tu, na kwamba kisichofika TLS 1.2 hakihudumiwi. Mtengenezaji anayekataa kuandika hayo ameshaamua, hajakwambia tu.

Na kama ni lazima kumwarifu msomaji, arifa ikae kando ya kitu kisichofanya kazi, iseme ni kitu gani na afanye nini badala yake: "Ramani haionekani kwenye kivinjari hiki, anwani ni hii hapa chini." Iandikwe ndani ya HTML, kisha JavaScript iiondoe ikishaamka, kwa sababu arifa inayotegemea JavaScript kutangaza kuwa JavaScript imeshindwa haitaonekana kamwe. Bango linalofunika ukurasa mzima halina kazi isipokuwa kumfukuza mtu. Mwaka 2012 duka la mtandaoni la Kogan, Australia, lilitangaza kuwatoza asilimia 6.8 wanunuzi wanaotumia Internet Explorer 7, yaani asilimia 0.1 kwa kila mwezi tangu kivinjari hicho kitoke. Ilichekesha, na duka likatajwa kila mahali. Ila wakati ule aliyetozwa aliweza kupakua kivinjari kingine bure siku hiyohiyo na kukwepa tozo. Mwenye simu iliyokomea iOS 12 hana njia hiyo.

Mwisho, usafi. Orodha ya vivinjari unavyovilenga huandikwa kwenye faili la browserslist, mara nyingi kwa maneno kama `> 0.5%, last 2 versions`. Maneno hayo husomwa dhidi ya takwimu zilizohifadhiwa ndani ya mradi, na zisiposasishwa kwa `npx update-browserslist-db`, "matoleo mawili ya mwisho" yanabaki kuwa yale ya siku mradi ulipoanza. Mradi wa miaka minne unaendelea kubeba viraka vya vivinjari ambavyo hakuna anayevitumia, huku timu ikilalamika kwamba vivinjari vya zamani vinawarudisha nyuma. Endesha amri hiyo kila baada ya miezi sita, jenga upya, pima tena ukubwa wa faili la mwisho, kisha lipitishe kwenye Acorn kabla ya kulipandisha kwenye seva.

Wako,
Mtengenezaji wa tovuti